Somo la Afya: Dawa ya Nyumbani na Safari ya Zahanati



Nimeombwa niandike somo juu ya afya ya nyumbani, yaani vyakula bora na dawa tulizo nazo jikoni na uani. Nimekubali kwa moyo, kwa kuwa nilifundisha Sayansi Kimu katika shule za msingi kwa karibu miaka arobaini. Iko na sababu nyingine, nayo nitaieleza katika sehemu ya tatu. Naomba somo hili lisomwe polepole, hasa na wazazi, mabibi na wakwe. Mwishoni yapo maswali ya kuzungumza katika vikundi.

1. MSAMARIA NA MKOBA WAKE

Sote tunaijua habari ya Msamaria Mwema katika Injili ya Luka, sura ya 10. Kwa kawaida tunafundishwa hapo juu ya kumpenda jirani, na ndivyo ilivyo. Leo tuitazame habari hiyo kwa jicho la mtu anayeuguza.

Msamaria alipomkuta majeruhi njiani alifanya mambo mawili. Kwanza alitumia alivyokuwa navyo: mafuta, divai na kitambaa cha kufungia jeraha. Hizo ndizo zilizokuwa dawa za nyumbani za watu wa nchi ile. Pili, alimpandisha majeruhi juu ya mnyama wake, akampeleka kwenye nyumba ya wageni, akatoa na fedha ili atunzwe.

Kama angeishia kwenye jambo la kwanza, yule mtu angekufia pale njiani hali amepakwa mafuta. Kama angeliruka la kwanza, huenda damu ingemwishia kabla ya kufika. Basi, katika kila jambo nitakalosema hapa chini, tujiulize maswali mawili: Kuna nini mkobani? Na safari iko lini?

2. CHAKULA NDICHO CHA KWANZA

Mwaka 1973 nilikuwa msichana wa shule. Mwaka huo nchi yetu ilifanya kampeni ya redio iliyoitwa Mtu ni Afya. Jioni wazee wetu walikusanyika chini ya mwembe, redio katikati, na mmoja aliyejua kusoma akashika kitabu. Watu wapatao milioni mbili Tanzania nzima walijiunga na vikundi vile. Nakumbuka kwamba kipindi kilipokwisha hawakutawanyika mara moja. Walizungumza kwanza, wakakubaliana la kufanya, na kesho yake ukasikia majembe: wengine wanachimba vyoo, wengine wanafukia madimbwi ya mbu. Mwaka 1975 ikafuata kampeni nyingine, Chakula ni Uhai. Hapo ndipo nilipopenda somo hili, hata nikalichukua nilipokwenda chuo cha ualimu.

Chuoni tulifundishwa kugawa vyakula katika mafungu matatu: vya kutia nguvu, vya kujenga mwili, na vya kulinda mwili. Siku hizi wataalamu wanayagawa mafungu hayo zaidi, lakini kwa mama aliye jikoni matatu yale bado yanatosha kukumbukwa. Ugali, bada, wali, ndizi na viazi hutia nguvu. Maharage, mbaazi, kunde, dagaa, samaki, mayai, maziwa na nyama hujenga mwili. Mboga za majani na matunda hulinda mwili. Sahani iliyo na fungu moja tu haijakamilika, hata kama imejaa mpaka juu.

Sisi wa Muheza na vijiji vya chini ya milima ya Usambara hatuna sababu ya kukosa chakula cha kulinda mwili. Machungwa yetu yanapelekwa na malori mpaka miji ya mbali. Jambo la kusikitisha ni kuona mzazi anauza machungwa asubuhi, na jioni anawanunulia watoto soda kwa fedha ile ile. Soda ni maji, sukari na rangi. Chungwa lina vitamini C, nayo humsaidia mtoto kupata madini ya chuma kutoka katika mchicha na maharage aliyokula.

Hapa niseme jambo dogo ambalo halina gharama. Madini ya chuma ndiyo yanayotengeneza damu. Ukikamulia mboga yako limau, au ukila chungwa baada ya chakula, mwili huyapokea madini hayo vizuri zaidi. Ukinywa chai pamoja na chakula, chai huyazuia. Kwa hiyo mama mjamzito na aepushe chai na mlo wake kwa muda wa saa moja au mbili. Mabadiliko haya hayahitaji hata senti moja.

Papai, embe, mchicha, kisamvu na viazi vitamu vya rangi ya chungwa vina vitamini A, ambayo hulinda macho na kusaidia mwili kupigana na maradhi. Vitamini hii huhitaji mafuta ili ipokelewe, na tui la nazi lafaa sana. Mababu zetu hawakukosea walipokitia kisamvu nazi. Wala hawakukosea walipokitwanga na kukichemsha kwa muda mrefu, maana majani ya muhogo yakiwa mabichi yana sumu.

Sasa tuje kwenye unga. Wengi huona haya kumpikia mgeni dona, wakidhani ni chakula cha maskini. Mahindi yakikobolewa, kiini na ganda huondolewa, na pamoja navyo huondoka sehemu kubwa ya vitamini, madini, mafuta na nyuzinyuzi. Sembe nyeupe hubaki na wanga zaidi ya kitu kingine. Dona ni bora. Lakini nina onyo. Dona ni bora kama mahindi yenyewe ni mazima. Mahindi yaliyovunwa yakahifadhiwa na unyevu huota kuvu, na baadhi ya kuvu hutoa sumu iitwayo sumukuvu. Sumu hiyo haionekani, na moto wa jikoni hauimalizi. Mwaka 2004 watu 125 walikufa mashariki mwa Kenya kwa kula mahindi ya namna hiyo, na mwaka 2016 watu walikufa kwetu Tanzania katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Basi kausha mahindi juu ya turubai au mkeka, usiyaanike juu ya udongo mtupu. Yaweke juu ya vichanja, mbali na ukuta unaotoa maji. Punje zenye kuvu au zilizobadilika rangi zitoe uzitupe. Usimpe kuku, wala usizitengenezee pombe. Karanga nazo zichambue vivyo hivyo.

Kwa mtoto mchanga kanuni ni fupi: maziwa ya mama peke yake kwa miezi sita ya kwanza, pasipo maji wala uji. Baada ya hapo aanze uji mzito na vyakula laini vilivyopondwa, huku akiendelea kunyonya mpaka miaka miwili au zaidi. Uji wa unga mtupu humshibisha tu. Utie maziwa, au karanga safi zilizosagwa laini, au dagaa waliosagwa, ndipo umjenge.

3. MAJI, CHUMVI NA SUKARI

Nimefika kwenye ile sababu niliyosema nitaieleza.

Mwaka 1985 nilikuwa mwalimu kijana, nimeolewa miaka mitatu. Mtoto wetu wa pili alikuwa na miezi kumi na minne, naye alianza kuhara siku ya Jumapili jioni. Mama mkwe wangu, Mungu amlaze pema, alikuwa akikaa nasi. Alisema mtoto asipewe maji wala kunyonyeshwa, tumbo lipumzike, maana kila kinachoingia kinatoka. Tukampa vijiko vya dawa ya mizizi asubuhi na jioni. Mama huyu hakuwa mtu mbaya. Alimpenda mjukuu wake kuliko macho yake, naye alifanya vile vile alivyofundishwa na mama yake.

Mimi nilijua. Hilo ndilo neno ninalotaka mlisikie. Chuoni nilifundishwa kwamba anayehara apewe maji, na shuleni niliwafundisha watoto wa wenzangu jambo hilo hilo. Lakini nilikuwa mkwe. Niliona kwamba kumpinga mama ya mume wangu mbele ya watu ni utovu wa adabu, na mume wangu alikuwa safarini. Siku ya Jumatatu mtoto alilia machozi. Siku ya Jumanne alilia bila machozi, na utosi ulikuwa umebonyea. Jumatano alfajiri nilimbeba kwenda zahanati kwa miguu, mwendo wa saa mbili, naye alikata roho tukiwa tumeuona mlango.

Mtungi wa maji ulikuwa umejaa siku zote tatu.

Sijaandika haya ili mnihurumie. Nimeandika kwa sababu hata leo, katika mtaa wetu, nimesikia watu wakisema tumbo la kuhara lipumzishwe. Siyo kweli. Mtoto anayehara huuawa na kukauka maji, na dawa ya kukauka ni kunywa.

Elimu ya jambo hili ilipatikana kwa shida kubwa. Mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, mamilioni ya watu walikimbilia India, na katika kambi zao kipindupindu kiliingia. Katika hospitali ya Bangaon, daktari Dilip Mahalanabis aliishiwa na maji ya kutundika mshipani. Akaamua kuchanganya maji, chumvi na glukosi katika mapipa, na ndugu za wagonjwa wakawanywesha kwa vikombe. Kabla ya hapo watu wapatao 30 katika kila 100 walikuwa wakifa. Baada ya hapo walikufa pungufu ya 4. Baadaye, tangu mwaka 1980, shirika la BRAC la Bangladesh lilituma wanawake kwenda nyumba kwa nyumba kuwafundisha akina mama kuchanganya maji hayo kwa kupima chumvi kwa vidole na sukari guru kwa kiganja. Katika miaka kumi walizifikia nyumba milioni 12 hivi.

Kwa nini sukari? Kwa sababu utumbo wa mgonjwa hupokea chumvi vizuri ikiwa imefuatana na sukari, na chumvi ikiisha kuingia, maji huifuata. Sukari ndiye mfungua mlango.

Iliyo bora ni pakiti ya ORS kutoka zahanati au duka la dawa, ichanganywe katika kiasi cha maji kilichoandikwa juu yake. Mkiwa na watoto wadogo wekeni pakiti mbili nyumbani siku zote. Ikikosekana, tengeneza hivi:

Maji safi yaliyochemshwa yakapoa, lita moja kamili.
Sukari, vijiko sita vya chai, vilivyosawazishwa juu.
Chumvi, nusu kijiko cha chai, iliyosawazishwa.

Koroga mpaka viyeyuke. Onja kabla ya kumpa mtoto: yasiwe na chumvi kuliko machozi. Yakizidi chumvi, mwaga utengeneze mengine, kwa maana chumvi nyingi ni hatari. Mtoto aliye chini ya miaka miwili apewe robo mpaka nusu kikombe kila baada ya kuhara. Mkubwa kidogo apewe nusu mpaka kikombe kizima. Mpe kwa kijiko, taratibu. Akitapika, ngoja dakika kumi, kisha endelea polepole zaidi. Aendelee kunyonya na kula. Maji yakikaa siku moja na usiku wake, mwaga, tengeneza mapya. Tena ulizia zahanati vidonge vya zinki, ambavyo mtoto hupewa kwa siku 10 mpaka 14. Hupunguza ukali wa kuhara.

Huo ndio mkoba. Safari je? Ukiona damu katika choo, au macho yameingia ndani, au mtoto amelegea na hawezi kunywa, au anatapika kila kitu, ondoka saa hiyo hiyo huku ukimnywesha njiani kama anaweza kumeza.

4. MITI NA MAJANI

Sasa niseme juu ya mitishamba, maana najua ndiyo wengi waliyokuwa wakiingojea.

Sisi hatuwezi kuidharau. Katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 20, nabii Isaya aliagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu la mfalme Hezekia. Yoshua bin Sira, sura ya 38, anatufundisha kuwaheshimu matabibu na pia dawa zitokazo katika ardhi. Na hapa kwetu, juu ya mlima huu tunaouona, Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti cha Amani mwaka 1902. Katika miti waliyoipanda ulikuwamo msinkona, ambao gome lake hutoa kwinini. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, dawa ikiwa haipatikani kutoka ng'ambo, kwinini ilitengenezwa kwa magome ya huko huko mlimani. Na dawa mseto ya malaria tunayopewa leo, sehemu yake moja asili yake ni mmea wa Kichina uitwao atemisia. Mwanamke aliyeigundua dawa iliyomo, Tu Youyou, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015.

Lakini tazama jambo moja. Katika miti yote miwili watu walitafuta kitu kinachoponya, wakakitoa, wakakipima, wakajua kiasi cha kumpa mtoto na kiasi cha kumpa mtu mzima. Majani ya uani hayana kipimo. Mti mmoja ni mkali, wa pili ni mpole. Jani la masika si jani la kiangazi. Uchungu wa dawa hauonyeshi nguvu yake. Mwarobaini ni mchungu sana, nao una faida zake, hasa katika kuhifadhi nafaka dhidi ya wadudu. Lakini hautibu malaria ukatosha, na mafuta yake yamewahi kuwadhuru vibaya watoto wachanga waliyonyweshwa.

Basi nini kinafaa?

Mafua na kikohozi chepesi: maji ya moto yenye tangawizi na limau, na asali kijiko kimoja. Huituliza koo, na mgonjwa hupata maji mwilini. Mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asipewe asali kabisa, hata kidogo ya kulambishwa, kwa sababu inaweza kuwa na vijidudu vinavyolegeza mwili wa mtoto mchanga mpaka pumzi.

Kuungua moto: maji safi ya baridi yanayotiririka, dakika ishirini. Usipake dawa ya meno, yai, samli wala mafuta. Funika kwa kitambaa safi. Kama malengelenge ni makubwa kuliko kiganja cha mgonjwa, au ameungua usoni, nenda hospitali.

Kidonda kidogo: osha kwa maji safi na sabuni, kisha funika. Ukichomwa na msumari au ukikatwa na jembe, osha, halafu nenda ukachomwe sindano ya pepopunda.

Kitovu cha mtoto mchanga: usiweke majivu, kinyesi cha ng'ombe, mate wala unga wa mizizi. Kiwe kikavu na safi, au kipakwe dawa utakayopewa kliniki. Pepopunda ya watoto wachanga huingilia hapo.

Shinikizo la damu na kisukari: neno hili nalielekeza kwa rika langu. Kitunguu saumu, mlonge na rozela ni vyakula vyema. Kuleni. Lakini asiwepo mtu wa kuacha vidonge vyake kwa sababu amekunywa maji ya majani wiki mbili akajisikia mwepesi. Presha haina maumivu. Siku itakapojitangaza inaweza kuwa ni siku ya kiharusi. Punguza chumvi, isizidi kijiko kimoja cha chai kwa siku pamoja na ile iliyomo katika vyakula vya dukani. Tembea, lima bustani, punguza sukari ya chai, na uende kupimwa kila unapoambiwa.

5. MKWE ALIYESEMA

Nadhani msomaji atafikiri kwamba baada ya yale ya mwaka 1985 sikuweza tena kukosea. Mwanadamu husahau, hata mwalimu.

Mwaka 2021 mjukuu wangu wa miaka mitatu alipata homa. Mimi nilikuwa nimestaafu, nina bustani yangu ya mitishamba, na majirani huja kuniomba majani. Nilichemsha mwarobaini nikampa kijiko. Kesho yake homa ilishuka, nikajisifu. Jioni ikapanda. Mke wa mwanangu akasema, "Mama, nataka nimpeleke Asha akapimwe." Nikamwambia tungoje asubuhi, majani yafanye kazi.

Yule binti alinyamaza kidogo. Kisha akapiga magoti mbele yangu, kama desturi yetu ilivyo, akasema, "Mama, unisamehe. Nitakwenda sasa hivi." Akamfunga mtoto mgongoni, akapanda bodaboda. Zahanati walimtoboa kidole, na baada ya dakika chache kipimo kikaonyesha malaria. Alipewa dawa mseto kwa siku tatu. Leo yuko shule, anaandika jina lake.

Usiku ule sikulala. Nilimkumbuka mama mkwe wangu, na kwa mara ya kwanza nilimwelewa kabisa, maana nilikuwa nimekaa kwenye kigoda chake. Nilikumbuka pia ukimya wangu. Yule binti alifanya kwa heshima jambo ambalo mimi sikulithubutu kwa kuogopa kukosa heshima. Asubuhi nilimwita, nikamshukuru mbele ya mwanangu.

Kwa hiyo, mabibi wenzangu, tuwaachie wakwe zetu nafasi ya kusema. Tuwaambie mapema, kabla ya ugonjwa, kwamba siku mtoto atakapougua wasitungoje sisi. Nanyi akina baba, msiposafiri na mkisafiri, acheni neno nyumbani kwamba mama wa mtoto ana ruhusa ya kuondoka wakati wowote, na nauli iko mahali fulani.

6. DALILI ZA KUONDOKA

Kata sehemu hii uibandike ukutani. Mtoto mwenye moja ya dalili hizi asicheleweshwe kwa dawa yoyote ya nyumbani:

Hawezi kunywa wala kunyonya.
Anatapika kila anachopewa.
Amepata degedege.
Amelegea, amepoteza fahamu, au haamki vizuri.
Anapumua haraka: mara 50 au zaidi kwa dakika akiwa na miezi miwili mpaka kumi na moja, mara 40 au zaidi akiwa na mwaka mmoja mpaka mitano. Hesabu kwa saa akiwa ametulia.
Kifua kinabonyea anapovuta pumzi.
Anahara damu.

Homa yoyote ya mtoto apimwe malaria siku ile ile au kesho yake asubuhi. Na mtoto aliye chini ya miezi miwili, akiwa na homa au akikataa kunyonya, hapana kungoja kabisa.

7. KAZI YA MWEZI HUU

Wale wazee wa mwaka 1973 hawakutawanyika kabla ya kukubaliana la kufanya. Na sisi tufanye hivyo. Kila nyumba ya mtaa wetu na itafute chupa moja ya lita na kijiko kimoja cha chai, viwekwe pamoja na pakiti za ORS mahali panapojulikana na wote. Pembeni yake pawe na kopo lenye nauli ya kwenda zahanati, na kadi ya bima ya afya kama mnayo. Nauli hiyo isikopwe kwa ajili ya sukari wala vocha. Huyo ndiye mnyama wa Msamaria. Ni lazima awe amefungwa mlangoni tayari.

Maswali ya kuzungumza:

1. Katika nyumba yako, nani huamua mgonjwa aende zahanati? Asipokuwapo, nani ataamua?
2. Kila mmoja aeleze jinsi alivyofundishwa kumtunza mtoto anayehara. Yapi ni ya kushika, na yapi ni ya kuacha?
3. Mahindi yako yako wapi sasa, na yamekaukaje?
4. Tengenezeni maji ya chumvi na sukari pamoja hapo kikundini, kila mmoja aonje. Je, kila mtu anaweza kupima bila kukosea?
5. Yuko jirani aliyeacha vidonge vyake vya presha au kisukari? Nani atamtembelea wiki hii?

Swali la tano lisijibiwe kwa maneno.